Kadi ya bima isipopokelewa, mtaji ndio unaomlipa daktari

Mfanyabiashara wa mpakani hupanga safari yake kwa hesabu. Anajua nauli ya kwenda na kurudi, anajua ushuru wa mzigo, anajua fedha ya upande huu inabadilishwa kwa kiasi gani upande wa pili, na anajua siku ambayo gulio linachangamka. Kitu kimoja ambacho wengi wetu hatukiweki kwenye hesabu ni ugonjwa. Na yule anayekiweka hukata bima ya afya, akaitia kadi kwenye pochi, akasema moyoni kwamba hilo limekwisha.

Kumbe halijakwisha. Kadi ya bima ni makubaliano ya watu wawili, mwanachama anayechanga na mfuko unaopokea mchango. Lakini anayetibu ni mtu wa tatu: daktari, zahanati au hospitali. Huyo wa tatu, hasa akiwa wa sekta binafsi, ana uwezo wa kusema kadi hii napokea na ile sipokei. Anaweza pia kuipokea mwaka huu na kuikataa mwakani. Anaweza kupokea kifurushi kimoja cha kampuni fulani na kukataa kingine cha kampuni hiyo hiyo.

Gazeti hili linaona kuwa jambo hili limekaa kimya mno kwa uzito wake. Thamani ya kadi haipimwi kwa kijitabu cha mafao kinachogawiwa siku ya kujiandikisha. Inapimwa kwa dirisha la hospitali linaloipokea, siku unayoumwa na mahali unapoumwa. Katika nchi zetu madirisha hayo yamekuwa yakifungwa na kufunguliwa bila mwanachama kuulizwa, na anayeumia kwanza ni yule ambaye fedha aliyonayo mfukoni ni mtaji wa biashara.

Yaliyotokea kwa majirani wawili

Tanzania ilipata funzo hilo waziwazi mwaka 2024. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ulitangaza kitita kipya cha mafao kianze kutumika Machi 1, 2024, kichukue nafasi ya kile cha mwaka 2016. Kitita ni orodha ya huduma na dawa ambazo Mfuko unalipia, pamoja na bei ambayo hospitali italipwa kwa kila moja. Hospitali binafsi, kupitia chama chao cha APHFTA, zilisema bei hizo hazitoshi kuendesha hospitali. Ilipofika Machi 1, hospitali binafsi kadhaa, zikiwemo kubwa za Dar es Salaam, zikaacha kuhudumia wanachama wa NHIF. Wanachama wakaelekezwa kwenda vituo vya Serikali, vya mashirika ya dini na vile binafsi vilivyokuwa bado vinapokea. Mazungumzo yakafanyika, na baadaye huduma zikarejea.

Aliyesoma habari hiyo akiwa mzima aliiona kama mvutano wa bei kati ya wakubwa. Aliyekuwa na mtoto wodini, au mwenye miadi ya kusafishwa damu wiki ile, aliiona kwa jicho lingine. Mchango wake ulikuwa umelipwa. Kadi yake ilikuwa hai. Hakuna kosa alilofanya. Lakini dirisha lilikuwa limefungwa.

Kenya nayo ina hadithi yake. Oktoba 1, 2024 nchi hiyo iliachana na mfuko wake wa NHIF, uliokuwepo tangu mwaka 1966, na kuingia katika mfumo mpya chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake ghafi. Asiye na mshahara anakadiriwa kwa hali ya kaya yake, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Lakini mfuko wa zamani uliondoka ukiwa na madeni makubwa kwa hospitali. Februari 2025 chama cha hospitali binafsi za mijini na vijijini, RUPHA, kilitangaza kuwa wanachama wake wanasitisha huduma kwa wenye SHA. Walidai malipo ya nyuma, na wakalalamikia kiasi wanacholipwa kwa kila mgonjwa wa nje. Machi mwaka huo Rais William Ruto akatangaza kuwa vituo vinavyodai shilingi milioni 10 au chini ya hapo vilipwe vyote, na vinavyodai zaidi vihakikiwe kwanza.

Nchi mbili, mifuko miwili, na chanzo kimoja. Tanzania ugomvi ulikuwa bei, Kenya ulikuwa deni na bei. Kote kuwili mwanachama alikuwa ametimiza sehemu yake.

Kwingineko katika Jumuiya hali inatofautiana, lakini swali la dirisha liko pale pale. Rwanda imefika mbali kuliko wengi wetu: bima yake ya jamii, ambayo wananchi huiita *mutuelle*, imeenea karibu kila kaya na inasimamiwa na shirika la hifadhi ya jamii, RSSB, tangu mwaka 2015. Lakini mwenye kadi hiyo anaanzia kituo cha afya cha eneo lake na kupanda juu kwa rufaa. Hawezi kuingia tu kliniki yoyote ya binafsi ya Kigali akaiweka mezani. Uganda haina mfuko wa taifa wa bima ya afya. Bunge lilipitisha muswada wake Machi 2021, lakini haukupata saini ya Rais. Vituo vya Serikali vilifuta malipo ya mgonjwa mwaka 2001, ila anayetaka huduma ya haraka au daktari bingwa wa binafsi hulipa taslimu, au awe na kadi ya kampuni kupitia mwajiri wake. Mchuuzi wa Busia au Mutukula hana mwajiri.

Daktari naye ana hoja

Ni rahisi kumlaumu daktari. Kaapa kutibu, kwa nini achague kadi? Tunawaomba wasomaji wetu walitazame jambo hili kwa macho ya biashara, maana wanaijua vizuri.

Wengi mnajua maana ya mali kauli. Unampa mwenzako mzigo kwa maneno, auze kwanza, fedha ije baadaye. Mkiaminiana, biashara inakwenda. Sasa fikiria mteja anayechukua vitunguu vyako kwa mali kauli, analeta fedha baada ya miezi, na akileta anakata sehemu kwa madai kwamba magunia mawili yalikuwa mabovu, ilhali hukuwepo alipoyafungua. Halafu bei ya gunia anapanga yeye. Utampa mzigo mara ya pili? Huenda utampa, kama ndiye mteja mkubwa kuliko wote sokoni. Lakini mwenye fedha taslimu akisimama pembeni yake, utajua wa kumhudumia kwanza.

Ndivyo hospitali inavyofanya kazi na mfuko wa bima. Inamtibu mgonjwa leo, inajaza fomu, inapeleka madai, kisha inasubiri. Mfuko unakagua, unaweza kukata baadhi ya madai, na unalipa kwa bei uliyoipanga. Wakati huo muuguzi anataka mshahara mwisho wa mwezi, umeme unalipiwa kabla ya kutumika, na muuza dawa wa jumla hakubali kusubiri. Hospitali kubwa inaweza kuvumilia miezi kadhaa. Kliniki ya daktari mmoja au wawili, kama zile zilizojaa katika miji ya mpakani, haiwezi. Malipo yakichelewa, kwanza inapunguza dawa, kisha inapunguza kadi inazopokea, na mwisho inabandika karatasi mlangoni: tunapokea taslimu tu.

Lakini hospitali nazo si malaika. Mifuko imekuwa ikikuta madai ya wagonjwa ambao hawakutibiwa, vipimo ambavyo havikufanyika na siku za kulazwa zilizoongezwa kwa kalamu. Mwaka 2025 SHA ya Kenya ilisimamisha vituo kadhaa kwa tuhuma za udanganyifu wa aina hiyo. Na wanachama wapo wanaoazimana kadi, ndugu akatibiwa kwa jina la ndugu. Kila udanganyifu wa namna hii unaufanya mfuko ukaze ukaguzi, ukaguzi unachelewesha malipo, na malipo yakichelewa hata daktari mwaminifu anachoka. Aliyeiba madai jana amemfungia dirisha mgonjwa wa leo.

Tena, kukataa kadi kuna sura nyingi, na si zote zinabandikwa mlangoni. Ipo hospitali inayopokea kadi lakini ina foleni mbili, ya bima na ya taslimu, na ya taslimu ndiyo inayosogea. Yupo daktari anayekuandikia dawa kisha dirisha la dawa likasema hiyo haimo kwenye bima yako, kanunue nje. Lipo dirisha linaloomba "ongezo" kwa sababu bei ya mfuko haitoshi. Ndiyo maana gazeti hili haliungi mkono wale wanaosema dawa ni kuzilazimisha hospitali zote zipokee kadi zote. Ukimlazimisha mtu auze kwa hasara, atapokea kadi kwa mkono mmoja na kukurudisha kwa mkono mwingine.

Mpakani tatizo ni mara mbili

Kwa mkazi asiyesafiri, kadi ikikataliwa hospitali moja, anaweza kupanda bodaboda hadi nyingine. Mfanyabiashara wa mpakani ana tatizo la pili: akivuka tu, kadi yake yote inakuwa plastiki.

Tuseme mama mmoja wa Arusha anapeleka vitunguu Nairobi kupitia Namanga. Mtaji wake wote ni shilingi milioni moja na nusu za Tanzania, na mzigo ameshauuza. Anaumwa tumbo usiku akiwa Kajiado, anakimbizwa hospitali, anaambiwa ni kidole tumbo na lazima apasuliwe. Kadi yake ya NHIF ni hai, lakini hospitali haiijui, haina mkataba na mfuko huo na haina pa kupeleka madai. Tuseme bili inafika sawa na laki sita za Tanzania. Anapona, anamshukuru Mungu, na anarudi nyumbani akiwa na laki tisa. Kabla hajanunua mzigo mwingine ameshapoteza sehemu mbili kati ya tano za biashara yake. Atakopa ili kujazia. Riba ya mkopo huo nayo ni sehemu ya bili ya hospitali, ingawa haionekani kwenye risiti.

Mgeuze mfano huo, mpeleke kijana wa Isebania aliyevuka kwenda Sirari kufuata mahindi, au mama wa Rusumo upande wa Rwanda aliyevuka kuja upande wa Tanzania. Hesabu ni ile ile. Kadi ya SHA haisomeki Tarime, na *mutuelle* haisomeki Ngara.

Je, Jumuiya yetu haikulifikiria hili? Ililigusa. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika Ibara ya 118, unazitaka nchi wanachama zishirikiane katika afya. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatambua hifadhi ya jamii kwa mfanyakazi anayehamia nchi nyingine mwanachama. Lakini maneno hayo yalimlenga zaidi mtu anayehama: aliyepata ajira Kigali, au aliyekwenda kufanya kazi Kampala. Mtu anayevuka asubuhi na kurudi jioni, au anayekaa siku tatu na mzigo wake, hakuhama. Hana mwajiri kule wala hana makazi kule. Anaishi katikati, na katikati hakuna mfuko.

Kwa upande wa mzigo wake tumefanya mengi. Tuna vituo vya huduma kwa pamoja Namanga, Holili na Taveta, Busia, Malaba, Mutukula, Rusumo na Kabanga, ambapo maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja. Tuna cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ili mchuuzi asihangaike na makaratasi ya wakubwa. Vitunguu vya yule mama vina cheti kinachotambulika pande zote mbili. Yeye mwenyewe hana.

Gari lina bima, mwenye mzigo hana

Wapo watakaosema kuwa bima inayovuka mpaka ni ndoto ya wakati ujao. Tunawakumbusha kuwa ipo tayari, na madereva wengi wanaosoma gazeti hili wanayo kwenye gari.

Kadi ya Njano ya COMESA ilianzishwa miaka ya 1980. Mwenye gari anaikata nchini kwake, kwa kampuni ya bima ya nchini kwake, na inatambulika katika nchi nyingine zilizomo kwenye mpango. Gari likisababisha ajali ugenini, kadi hiyo inagharimia madhara kwa watu wengine, na inahusu pia gharama za matibabu ya dharura ya dereva na abiria wa gari hilo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imebaki kwenye mpango wa kadi hii kwa sababu inaona faida yake. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo nazo zimo.

Tazama jinsi inavyofanya kazi. Kila nchi ina ofisi yake ya kusimamia kadi hiyo. Ajali ikitokea, ofisi ya nchi ilikotokea inashughulikia madai na kuhakikisha yanalipwa, kisha inadai fedha zake kutoka kwa ofisi ya nchi ilikotolewa kadi. Aliyeumia hahitaji kumfuata bima nchi ya mbali. Mtoa huduma naye anamjua wa kumdai, na ni mtu wa mji wake. Hilo ndilo jibu la tatizo la daktari tulilolieleza juu. Daktari wa Kajiado hana ugomvi na mama wa Arusha. Ugomvi wake ni kwamba hajui nani atamlipa. Mpatie mlipaji anayeaminika nchini kwake, kwa bei anayoijua, na dirisha litafunguka.

Kwa hiyo abiria akivunjika mguu kwenye ajali ya lori hilo anaweza kuwa na pa kushika. Akishuka salama na kupata malaria kali siku ya pili, yuko peke yake. Hatuoni sababu ya msingi kwa nini iwe hivyo.

Tunachopendekeza

Kwanza, mifuko ilipe kwa wakati. Hili ndilo shina la mengine yote. Mfuko unaochelewa kulipa hauna haki ya kushangaa daktari anapoikataa kadi yake. Tungependa kila mfuko wa umma utangaze, kila robo mwaka, unadaiwa kiasi gani na deni la zamani kuliko yote lina umri gani. Mwanachama anayechanga ana haki ya kujua kama kadi yake ina deni dirishani.

Pili, bei zipangwe kwa mazungumzo na zipitiwe kwa ratiba inayojulikana. Tanzania ilikaa na kitita cha mwaka 2016 hadi 2024. Katika miaka minane bei ya dawa, vifaa na mishahara haikai mahali pamoja. Ukiacha bei ilale muda mrefu hivyo, siku ukiiamsha lazima kuwe na kelele. Kuipitia kila baada ya muda mfupi kunaumiza kidogo kidogo, na kidogo kinavumilika.

Tatu, daktari na hospitali waseme mapema. Tunakubali haki ya hospitali binafsi kuchagua mikataba yake. Hatukubali mgonjwa aijue habari hiyo akiwa amesimama dirishani na mtoto mgongoni. Kila kituo kibandike getini, kwa Kiswahili kinachosomeka, orodha ya kadi na vifurushi kinavyopokea, na kama ni kwa mgonjwa wa nje, wa kulazwa, au wote. Kinapotaka kujitoa kwenye mfuko, kitoe taarifa ya miezi miwili, na kiwamalizie matibabu wale waliokwisha kuanza: wajawazito, wanaosafishwa damu, wanaotibiwa saratani. Wasimamizi wa afya walifanye hilo kuwa sharti la leseni.

Nne, dharura itibiwe kwanza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Inasema *mtu*, haikusema raia wala mwanachama. Tunataka kanuni hiyo ijulikane katika kila hospitali ya mpakani, pande zote, na iandamane na utaratibu wa nani analipa baadaye. Bila utaratibu huo, haki inabaki karatasini na daktari anabebeshwa mzigo peke yake.

Tano, Jumuiya ianze na miji ya mpakani. Hatuombi bima moja ya Afrika Mashariki kesho asubuhi. Tunajua nchi zetu haziko hatua moja. Tunaomba jambo dogo: NHIF, SHA na RSSB zikubaliane kutambua kadi za wenzao kwa dharura na uzazi tu, katika hospitali za umma za miji inayotazamana mpakani. Mgonjwa atibiwe kwa bei ya nchi alipo, mfuko wa nchi hiyo uilipe hospitali, kisha mifuko imalizane yenyewe kwa dhamana iliyowekwa mapema, kama ofisi za Kadi ya Njano zinavyofanya. Kwa Uganda, ambako hakuna mfuko wa taifa, vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vinaweza kukata bima ya kikundi kwa kampuni binafsi na kuingia kwa mlango huo.

Atakuwepo wa kuuliza: mfuko unaoshindwa kulipa hospitali za nyumbani utalipaje za jirani? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba ndiyo maana tunasema ianze dharura na uzazi, mijini mwa mpakani, kwa fedha ya dhamana iliyokwisha kuwekwa. Mfuko utakaoshindwa hata hilo dogo utakuwa umetuonyesha ukweli ambao ni bora tuujue.

Kwako wewe unayevuka kesho

Hayo ya serikali na mifuko yatachukua muda, na wewe mzigo wako unaondoka alfajiri. Kwa hiyo tuseme na wewe moja kwa moja.

Kabla ya kulipia kadi yoyote, usiulize kwanza inalipa mpaka kiasi gani. Uliza inapokelewa wapi. Taja hospitali tatu: iliyo karibu na nyumbani, iliyo karibu na mpaka, na iliyo katika mji unaouzia. Usiridhike na jibu la wakala, maana yeye anauza. Nenda mwenyewe au piga simu dirisha la bima la hospitali hiyo, na utaje jina la kifurushi, si jina la kampuni tu. Uliza kama ni kwa wagonjwa wa nje au wa kulazwa. Uliza kama kuna muda wa kusubiri kabla mafao hayajaanza, hasa kwa uzazi na upasuaji. Uliza tena kila mwaka unapolipia upya, kwa sababu orodha hubadilika.

Uliza pia kadi inaishia wapi. Baadhi ya bima za binafsi hurudishia mwanachama gharama za dharura alizolipa nje ya nchi, lakini kwa masharti: utoe taarifa ndani ya muda uliotajwa, ulete risiti halisi, na ulete maelezo ya daktari yenye mhuri. Wengi hukosa fedha yao kwa sababu risiti ililowa au ilipotea njiani. Itunze kama unavyotunza karatasi za forodha.

Kama kadi yako haivuki mpaka, na nyingi hazivuki, basi weka fungu la ugonjwa mbali na mtaji. Vikundi vyenu vya kuweka na kukopa vinaweza kufanya hivyo kwa pamoja: mfuko mdogo wa dharura ambao mwenzenu akilazwa ng'ambo, fedha inamfuata kwa simu siku hiyo hiyo. Si bima kamili, lakini itamwezesha mtu kupona bila kufilisika.

Na viongozi wa vyama vya wafanyabiashara wa mpakani, mnapokaa na maofisa wa forodha kuzungumzia ushuru na foleni, liwekeni na hili mezani. Kwa miaka mingi tumezungumza jinsi ya kuvusha mzigo salama. Tumemsahau anayeuvusha. Nchi zilizoweza kukubaliana kuhusu cheti cha vitunguu na bima ya lori haziwezi kushindwa kukubaliana kuhusu kadi ya mama anayeuza vitunguu hivyo.